Chupa ya Kundi la Saba: Uchambuzi wa Kisa cha Darasa la Sayansi Mombasa

Mwalimu wa kisa hiki hakukosa moyo. Anafundisha Sayansi Jumuishi, Gredi ya 8, katika shule ya umma upande wa Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Darasa lina wanafunzi 60, maabara hakuna, na mfereji wa uani hutoa maji siku moja moja. Shule hii na mwalimu huyu ni wa mfano: tumewaunda kutokana na mambo yanayojirudia katika madarasa ya aina hii, ili tuyachambue bila kumnyooshea mtu kidole. Jaribio lenyewe, vipimo vyake na kemia yake si vya mfano. Mwalimu yeyote anaweza kuvirudia kesho.

Muhula ulianza kwa shangwe. Siku ya kwanza mwalimu alileta volkano ya udongo, akatia bekingi soda ndani, akamimina siki iliyotiwa rangi nyekundu. Povu likafurika mezani, darasa zima likapiga makofi. Akafuatisha hotuba: wapo humu watakaokuwa wahandisi pale Kilindini, wapo watakaokuwa madaktari. Akaahidi biskuti kwa kila atakayejibu swali sawasawa. Wiki mbili za mwanzo mikono ilikuwa juu kama msitu.

Kufikia wiki ya tano hali ilikuwa imegeuka. Waliojibu ni walewale wanane, wote wa madawati ya mbele. Waliobaki walisubiri jibu liandikwe ubaoni ili wanakili. Swali lililosikika zaidi kutoka kwao lilikuwa moja: "Madam, hii itakuja kwa mtihani?" Siku biskuti zilipokosekana, hata wale wanane walipunguza kasi. Mwalimu aliumia, kwa sababu alikuwa akijitoa kwelikweli, na akaamua kwamba dawa ni kuongeza moto uleule: maonyesho makubwa zaidi, hotuba kali zaidi, zawadi nono zaidi.

Uamuzi huo ndio kosa la kwanza katika kisa hiki, na ni kosa la watu wenye mapenzi na kazi yao. Mwalimu asiyejali hawezi kulifanya.

Kwa nini shangwe ilikauka

Tuanze na biskuti, kwa kuwa jambo hili limepimwa na watafiti kwa miaka mingi. Mwaka 1971 Edward Deci alichapisha majaribio ambamo wanafunzi wa chuo walipewa fumbo la vipande vya kupanga, fumbo ambalo watu hulicheza kwa kulipenda tu. Waliolipwa kwa kulifumbua walilishughulikia kidogo zaidi malipo yalipokoma kuliko walivyolishughulikia kabla ya kulipwa. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walikwenda kwa watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Wale walioahidiwa cheti kabla ya kuchora walipoteza hamu. Siku zilizofuata walichora kwa muda wa karibu nusu ya wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hawakupungukiwa na hamu.

Tofauti hiyo ya mwisho ni muhimu kwa mwalimu. Zawadi yenyewe haina ubaya. Ubaya uko kwenye ile ahadi ya "ukijibu nitakupa", kwa maana humfundisha mtoto kwamba swali ni mlango wa kufikia biskuti. Biskuti zikiisha, mlango hauna kazi tena.

Volkano nayo ina kasoro mbili. Kwanza, inapotosha: volkano halisi hailipuki kwa sababu ya siki kukutana na bekingi soda, na mtoto wa Kisauni asiyewahi kuona volkano hana njia ya kulijua hilo. Pili, na hili ni zito zaidi, haimwachii mwanafunzi kazi yoyote. Mwalimu ndiye aliyechagua vitu, akachanganya, akaeleza. Mtoto alibakiwa na makofi tu.

Kuhusu maswali, mwalimu aliuliza mengi, ila hakungoja. Mary Budd Rowe, aliyerekodi madarasa ya sayansi nchini Marekani na kuchapisha matokeo yake miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu kwa kawaida hungoja kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, kisha hujibu wenyewe au humchagua aliyenyosha mkono kwanza. Walipofundishwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliokuwa kimya wakaanza kusema, na wanafunzi wakauliza maswali yao wenyewe zaidi. Sekunde 3 ni ndefu kuliko zinavyosikika. Mbele ya watoto 60, katika darasa la mabati saa saba mchana, huonekana kama dakika nzima. Mwalimu wetu aliambiwa ahesabu polepole moyoni, moja hadi nne, huku mikono ameifunga nyuma. Kufunga mikono kunasaidia: mkono usio na chaki hauna haraka ya kuandika jibu.

Jambo la lugha nalo halikuonekana mapema. Nchini Kenya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4. Mwanafunzi akitaka kutabiri jambo, hulazimika kubeba mizigo miwili, wazo na lugha, na mara nyingi hulitua wazo ili aokoe lugha. Watoto hawa wana msamiati mpana wa maji: maji baridi, maji ya chumvi, maji yanayokataa povu, maji ya mvua, maji yenye ukoko. Msamiati huo ulikuwa umeachwa nje ya mlango wa darasa.

Maji yanayokataa povu

Badala ya kutafuta onyesho jipya, mwalimu alishauriwa aanze na ugomvi ambao tayari uko majumbani. Uhaba wa maji Mombasa ni wa kila siku. Maji ya mfereji yakikatika, watu hununua mitungi ya lita 20 kutoka kwa wasukuma mikokoteni, au huchota visimani. Visima vya pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na vingi vina maji ya chumvi. Kila mtoto anajua kwamba ukifulia maji ya baadhi ya visima, sabuni hupukutika mkononi na nguo hubaki na utando wa kijivu. Uliza kwa nini, na jibu la mtaa mzima ni moja: kwa sababu ya chumvi.

Jibu hilo linapendeza kwa sababu linaingia akilini, tena linaweza kupimwa. Lina kasoro, ila kasoro yake haionekani kwa macho. Swali zuri la darasani huwa hivyo.

Vifaa ni hivi. Kwa kila kundi la wanafunzi 5, chupa 4 za plastiki za nusu lita, zote za umbo moja, zenye vifuniko. Bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, kutoka duka la dawa. Maji ya sabuni ya mche: gramu 10 za sabuni katika lita 1 ya maji ya mvua, zinazotosha makundi yote 12 na kurudia mara moja. Mizani ikikosekana, chukua mche wa gramu 800, ukate vipande 8 vilivyo sawa, kisha kimoja ukikate mara 10. Kipande kimoja kati ya hivyo kumi ndicho gramu 10. Kikune kwa kikunio cha karoti, kiyeyushe katika maji ya moto yasiyochemka, ukiache usiku kucha. Asubuhi yakiwa yameganda kama uji, yapashe moto kidogo na uyatikise.

Sabuni lazima iwe ya mche. Hapa ndipo majaribio mengi ya aina hii hufia. Sabuni ya unga na sabuni ya maji ya kunawia, nyingi zimetengenezwa kwa kemikali nyingine zisizojali ugumu wa maji, yaani ile hali ya maji kukataa povu la sabuni, na ya unga huongezewa vitu vya kulainisha maji. Ukizitumia, chupa zote zitatoa povu sawa na wanafunzi wataandika kwamba maji yote ni mamoja. Kwa sababu hiyohiyo chupa zisioshwe kwa sabuni yoyote kabla ya kazi, zisuuzwe kwa maji ya mvua tu.

Maji ya mvua ndiyo kipimo cha kulinganishia. Wakati wa masika kuyapata si taabu: acha paa lioshwe na mvua ya mwanzo, kisha kinga. Epuka ya paa la makuti, yana rangi. Kiangazi kikibana, kinga matone ya mashine ya kupozea hewa nje ya duka au ofisi. Hayo yametoka katika mvuke wa hewa, hayajagusa mwamba. Wengine hutumia maji ya betri, na yanafaa, ila anunue mtu mzima na asome kibandiko mara mbili, kwa sababu asidi ya betri huuzwa katika maduka hayohayo na huchoma ngozi na macho. Maji ya mfereji yasitumike kama kipimo. Huenda yenyewe ni magumu, na yaliyo kwenye tangi huenda yamechanganywa na ya boza.

Chupa ya kwanza ni mililita 25 za maji ya mvua. Ya pili ni maji ya mvua yaliyotiwa chumvi ya mezani, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa lita 3, yaani karibu gramu 2 kwa lita. Ya tatu ni maji ya chaki: kipande cha chaki kilichosagwa katika lita 1 ya maji ya mvua, kikatikiswa, kikalala usiku, kikachujwa kwa kitambaa cha pamba, kisha sehemu moja ikaongezwa sehemu tatu za maji ya mvua. Ya nne ni maji ya kisima. Kila chupa, mililita 25.

Chaki nayo ina mtego wake. Chaki ya jasi (kalsiamu salfeti) huyeyuka kiasi cha gramu 2 kwa lita na kuyafanya maji kuwa magumu sana. Usipoyapunguza, mililita 20 za sabuni huenda zisitoshe na kipindi kiishe. Chaki ya kalsiamu kaboneti haiyeyuki kwa kiasi cha maana, na chupa ya tatu itafanana na ya kwanza. Zitofautishe kwa tone la siki: ikitoa vipovu ni kaboneti, tafuta nyingine.

Kabla ya kugusa chupa, kila mwanafunzi huandika utabiri: chupa ipi itakunywa sabuni nyingi zaidi, na kwa nini. Dakika 5, kimyakimya, kwa lugha yoyote. Kiingereza kilisubiri dakika za mwisho, wakati kundi linaandika sentensi mbili za mtihani. Kisha sabuni huongezwa mililita 1 kwa 1, chupa hufungwa na kutikiswa mara 20, tena na mtu yuleyule kwa chupa zote nne. Hesabu hukoma povu lenye kimo cha sentimita 1 likidumu dakika nzima. Hakuna anayeonja. Watoto hutamani kuonja maji ya kisima ili wathibitishe chumvi yake, na maji ya kisima cha mjini huweza kuwa na vijidudu vya kuhara.

Maji ya mvua huhitaji mililita 1 au 2. Ya chumvi kidogo, karibu hivyo hivyo. Ya chaki na ya kisima cha matumbawe hunywa sabuni mara kadhaa ya hapo, na ndani yake huelea mabonge meupe. Chumvi ya mezani, kwa kiasi hicho, haikuzuia povu. Kilichozuia ni kalsiamu, ambayo hushikamana na sabuni na kuigeuza kitu kisichoyeyuka, na ndicho kile kinachobaki kwenye nguo. Mwamba wa matumbawe wenyewe ni kalsiamu kaboneti, na maji ya mvua yanayopita ardhini yakiwa yamebeba kaboni dayoksaidi huumung'unya kidogokidogo. Maji ya kisima basi yana vitu viwili, chumvi na kalsiamu, na mtaa mzima umemlaumu yule anayeonjeka.

Siku hiyo darasa halikuwa lile la wiki ya tano. Aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote alikuwa mvulana wa dawati la nyuma, ambaye siku za wikendi humsaidia ami yake kusukuma mkokoteni wa maji. Alijua visima kwa majina ya wenyewe, kipi kinakubali sabuni na kipi kinakataa, na kwa mara ya kwanza alichokijua kilikuwa kitu kinachohitajika darasani. Hakupewa biskuti. Aliombwa alete chupa tatu kutoka visima vitatu, akazileta kesho yake alfajiri.

Kundi la saba

Makundi kumi na moja yalipata kilichotarajiwa. La saba halikupata. Chupa yao ya chumvi haikutoa povu hata kidogo, ilijaa mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika. Msichana aliyeshika bomba akainua mkono. "Madam, yetu imekataa. Ya chumvi imekataa kuliko ya kisima."

Zilibaki dakika 9 kengele igonge. Mwalimu alitazama chupa, akatazama saa, akasema: "Mmekosea kupima. Chukueni matokeo ya kundi la nane, muandike."

Wakanakili. Chupa ikamwagwa uani.

Ukisoma kisa hiki haraka, hili litakupita kama jambo dogo, na sisi tunaliona kuwa ndilo kiini chake. Mwalimu aliyetumia wiki mbili akikusanya chupa, akakesha akikuna sabuni, alifuta kazi hiyo yote kwa watoto watano katika sentensi moja. Aliwaambia kwamba walichokiona kwa macho yao hakina uzito, na kwamba ukweli uko kwenye daftari la kundi la nane. Tena alikuwa sahihi kuwa wamekosea kupima. Hawakutumia maji aliyowaandalia; yalimwagika, wakatengeneza yao bila kusema, kijiko kikubwa cha chumvi kilichojaa katika nusu lita ya maji.

Fanya hesabu. Kijiko kikubwa kilichojaa ni gramu 15 hadi 20 na zaidi. Katika nusu lita hiyo ni gramu 30 hadi 40 kwa lita. Maji ya bahari yana karibu gramu 35. Bila kujua, kundi la saba lilikuwa limetengeneza chumvi ya Bahari Hindi ndani ya chupa, na kupata matokeo ambayo watengenezaji wa sabuni wameyatumia tangu zamani: chumvi nyingi huifukuza sabuni kutoka majini, ikaelea juu. Viwandani hivyo ndivyo sabuni inavyotenganishwa na gliserini. Basi mtaa haukuwa umekosea kabisa. Chumvi huzuia povu, ila kwa kiasi kikubwa na kwa njia nyingine.

Historia ya sayansi ya Afrika Mashariki ina kisa kinachofanana na hiki mno, na kila mwalimu wa sayansi anayeongea Kiswahili anapaswa kukijua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu shule ya Magamba huko Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye friji, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoanza yakiwa baridi zaidi. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliendelea kuuliza, na fizikia yake ikafanywa jambo la kuchekwa darasani. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo, Mpemba alimuuliza tena, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni akaagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha pamoja. Hadi leo wanasayansi hubishana lini jambo hilo hutokea, na wapo wanaotilia shaka kama hutokea kweli. Hilo halipunguzi alichokifanya Osborne. Hakumwambia Mpemba kwamba yuko sahihi. Alisema kwa vitendo: hebu tujaribu.

Mwalimu wetu alisimuliwa kisa hicho jioni ileile na mwenzake wa fizikia, baada ya kueleza, kwa uchovu, jinsi kundi moja lilivyomharibia kipindi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama chumvi ya jikoni ingali kabatini.

Kipindi kilichofuata alianza kwa kuwarudishia watano wale chupa tupu. "Juzi niliwaambia mmekosea," alisema. "Sikuwauliza mlifanya nini. Leo naomba mtuonyeshe." Hakuomba radhi kwa maneno marefu, na wala haikuhitajika. Msichana yule alitaja kijiko kikubwa kwa sauti ndogo, kama anayekiri, kisha akatia chumvi mbele ya wote. Mabonge yakatokea tena. Darasa likasogea mbele hadi madawati yakagongana.

Kilichofuata hakikuwa katika mpango wa kipindi. Dawati la nyuma likauliza: kati ya kijiko kidogo na kikubwa, povu hukatikia wapi? Mwalimu akahesabu moyoni hadi nne, hakujibu. Kundi moja likapendekeza chupa tano, zenye gramu 5, 10, 20, 30 na 40 kwa lita. Kundi lingine likataka kuchemsha maji ya kisima. Hilo ni jaribio zuri, kwa sharti moja: chemsha mililita 250 kwa dakika 10, acha zipoe, zichuje, kisha rudisha kiasi kilichopotea kwa maji ya mvua hadi 250. Wasiporudisha watakuwa wameyakoleza maji, na watasema kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha huondoa sehemu ya ugumu inayogeuka ukoko mweupe wa sufuria. Ugumu wa jasi hubaki palepale. Wa tatu akakumbuka kwamba bibi yake hutia magadi kwenye maji ya kufulia. Robo kijiko cha chai cha magadi yaliyosagwa kwa nusu lita ya maji ya kisima, yakalala usiku, huacha mashapo meupe chini, na maji ya juu hukubali sabuni. Magadi, yanayochimbwa Ziwa Magadi huko Kajiado, yana kaboneti ya sodiamu, nayo huikamata kalsiamu na kuitua chini. Maji hayo si ya kunywa, na huwasha ngozi yakitiwa magadi mengi.

Yasiyotatuliwa

Isidhaniwe kwamba kila kitu kilinyooka. Kati ya wanafunzi 60, wapo kama kumi ambao hata sasa hushika chupa tu pale mzunguko wa kazi unapowalazimisha. Mzunguko huo ulikuja kwa kuchelewa: katika kipindi cha kwanza makundi mengi yaliacha bomba mikononi mwa mvulana mmoja, na wasichana wakafanywa makarani. Sasa kazi tano (kupima, kutikisa, kuhesabu dakika, kuandika, kulinda vipimo visiharibike) huhama kila kipindi, na orodha imebandikwa ukutani ili isiwe ya kubishaniwa. Mlinzi wa vipimo ndiye angezuia kijiko cha kundi la saba. Pengine ni vizuri hakuwepo, ila usiijenge ratiba yako juu ya bahati hiyo.

Muda ndio jeraha lililo wazi. Kipindi kimoja ni dakika 40, na jaribio hili liliomba vitatu, mbali na saa za jioni za kuandaa. Mwalimu Mkuu aliuliza, kwa haki, kama silabasi itakwisha. Mwalimu hakuweza kuahidi kufanya hivi kila wiki, na sisi hatumshauri aahidi. Jaribio moja la aina hii kwa kila wiki tatu, lililoandaliwa sawasawa, lina faida kuliko maonyesho kumi ya harakaharaka, na mwalimu hafiki muhula wa tatu akiwa ameishiwa nguvu. Katika vipindi vya kawaida vilivyo katikati huhitaji kubeba mambo mawili tu: utabiri ulioandikwa kabla ya jibu, na ile hesabu ya moja hadi nne. Hayo hayagharimu hata shilingi.

Dalili za kufuatilia nazo zilibadilika. Badala ya kuhesabu mikono iliyoinuliwa, mwalimu hutia vijiti pembeni mwa daftari lake: kijiti kwa kila swali lililoulizwa na mwanafunzi ambalo halihusu mtihani, na alama nyingine kama muulizaji hajawahi kuuliza. Ni kipimo kidogo, lakini hakidanganyiki kwa makofi.

Ijumaa ya wiki hiyo mzazi mmoja alimsimamisha mwalimu kituoni. "Mwalimu, huyu mwanangu amenimalizia chumvi ya nyumba nzima, kisa nini?" Mwalimu akamweleza. Mzazi, ambaye dada yake hupika sabuni ya mafuta ya nazi nyumbani, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema wazee walikuwa wakiwafungia mabaharia sabuni ya nazi kwa sababu hiyo hutoa povu hata kwa maji ya bahari.

Ni kweli. Sabuni ya nazi imetengenezwa kwa asidi za mafuta zenye minyororo mifupi zaidi, na chumvi hushindwa kuifukuza majini. Mwalimu alikuwa akilijua jibu hilo vizuri. Jumatatu alifika darasani na kipande cha sabuni ya nazi kilichofungwa kwa gazeti, kipande cha mche, na lita 2 za maji ya bahari yaliyotekwa maji yakiwa yamejaa ili mchanga uwe mchache. Aliviweka mezani mbele ya kundi la saba, mililita 25 kwa kila chupa, gramu 10 kwa lita kwa kila sabuni, akasema waandike utabiri wao kwanza. Kisha akaenda kusimama nyuma ya darasa.